Herufi Zangu Alizipa Jina Lake

Nina miaka thelathini na miwili, mchoraji wa vibao vya maduka hapa Arua, Uganda. Wasomaji wenzangu, nawasimulia nikiwa nimenyoosha shingo. Machozi nilishayamaliza!

Milango ya maduka yetu ni myembamba, majina ya wenyewe ni marefu. Ukiyaandika kwa herufi za kawaida hayaenei. Kwa hiyo nilibuni zangu: ndefu, zilizobanwa mbavu, kila ncha nikaiwekea kijiguu ili isimame imara. M ilinitesa hadi nikaiota! Ukiibana vibaya inageuka doa jeusi...

Candia, mchumba wangu, alikuwa na kompyuta. Alinisihi nimpe karatasi nilizochorea herufi hizo, azigeuze ziwe herufi za kuchapa. Tungefungua duka la vibao Koboko, mji wa jirani, mimi na yeye. Alikuwa ameshajitambulisha kwa wazazi wangu huko Ayivu. Ningemshuku vipi?

Akaondoka nazo. Mwanzoni alipiga simu kila jioni, baadaye mara mojamoja, kisha... kimya. Nikawa namwombea, nikidhani amepatwa na shida.

Siku moja Mama Keji, muuza vitenge kutoka Sudan Kusini, alisimama akitazama kibao nilichokuwa nakipaka.

"Dada, hii iko maandishi ya Candia wa Koboko. Kwa nini wewe naiga kazi ya mutu?"

Nikaiweka brashi chini. Mimi... namwiga Candia?

Asubuhi iliyofuata nikapanda gari kwenda Koboko. Jamani! Kinyozi, duka la dawa, bango la kanisa, kote herufi zangu! Nje ya duka lake kumeandikwa: HERUFI ZA CANDIA. Ndani alikaa mwanamke mjamzito. Nilipomwulizia Candia alisema kwa upole, "Bwana yangu iko nyuma. Ngoja kidogo."

Bwana yangu! Nilimngoja nikiwa nimesimama.

Candia alitoka, akanivuta pembeni. "Usinitie aibu. A ni A tu, haina mwenyewe."

"Kama haina mwenyewe, jina lako linafanya nini pale ukutani?" Nilisema kwa sauti, wateja wasikie.

Akanitishia polisi. Nikamwambia awaite! Nikaingia chumba cha nyuma. Karatasi zangu zilikuwa zimebandikwa ukutani. Nikaanza kuzibandua. Akanishika mkono.

"Wacha yeye," mkewe alisema mlangoni. "Candia, hii nani nachora?"

Candia aliniachia mkono. Yule mwanamke akasogea, akanipisha nipite na karatasi zangu.

Harusi sikuipata. Koboko bado wanamsifu yeye, na hapa Arua wapo wanaoniita mwigaji. Waniite! Nilijifunza kompyuta, nikazichora upya, za mistari myembamba na za mistari minene. Sasa zinaitwa Ayikoru, jina langu.

Dada zangu, kaka zangu, pendeni, sikatazi. Lakini kazi yako itie jina lako kabla hujaiweka mkononi mwa mpenzi. Na ukishaibiwa, usijifungie ndani kana kwamba mwizi ni wewe. Nenda ukagonge mlango wake, mchana, watu wakiona!