Kuku Aliyefia Mlangoni

Kila asubuhi kabla ya shule, Stumai alifungua banda la kuku, akawamwagia pumba, akaosha chombo chao cha maji. Kisha alimnawisha uso mdogo wake Miraji, ambaye kunawishwa alikuhesabu kuwa ni kuonewa. Walikaa kwa bibi yao, mtaa wa Mandewa, mjini Singida. Na kila asubuhi Miraji, mtoto wa miaka minne, aliuliza lile lile:

"Dada, mama anarudi leo?"

"Bado," alijibu Stumai, akimsugua masikio kwa nguvu ili asimtazame usoni.

Mama yao alipelekwa hospitali Dodoma miezi mitano iliyopita. Alifia huko, akazikwa kijijini Sepuka. Stumai alikwenda mazishini, lakini Miraji aliachwa kwa jirani, akaambiwa mama bado anatibiwa. Nani angemweleza ukweli? Bibi alimwachia mjomba, mjomba akamwachia shehe, na shehe akasema hilo ni la bibi. Basi likabaki hapo, halina mwenyewe.

Shuleni kulikuwa na klabu ya kompyuta. Kompyuta zenyewe zilikuwa sita, tena za kuazima, na baada ya Ijumaa zingehamia shule nyingine. Kila mwanaklabu alitengeneza mchezo wake kwa kupanga amri, moja chini ya nyingine, na Ijumaa watu wa nyumbani wangekuja kutazama. Mchezo wa Stumai ulikuwa wa mama kuku. Anatoka kutafuta chakula, anamkwepa mwewe, mpaka afike kwenye nyumba ya tembe ambako vifaranga wanamngoja.

"Ijumaa utamwona mama kuku akifika nyumbani," alimwahidi Miraji.

Tatizo, hakufika. Kila alipogusa mlango alianguka, akafa.

Na Stumai alikuwa na ugonjwa wake. Jambo likikwama kidogo tu, "Mwalimuuu!" Kompyuta ikichelewa kuwaka, "Mwalimuuu!" Wenzake walimwita King'ora. Jumatano hiyo alilia tena, lakini Mwalimu Janeth alikuwa amezungukwa na wengine watano.

"Umeangalia mwenyewe kwanza?" aliuliza mwalimu kwa mbali.

"Nimeangalia, mwalimu!"

Uongo mtupu. Alichokuwa ameangalia ni mwalimu yuko wapi.

"Sogea, King'ora," alisema Calist, bingwa wa klabu kwa kujitangaza mwenyewe. "Kuku anakufa? Dawa yake ndogo." Alibonyeza hapa na pale, akamfuta mama kuku na amri zake zote, akaweka jogoo wa kwenye mchezo wake, aliyevaa miwani ya jua. Akahifadhi. "Huyu hafi hata akigongwa na lori. Niite fundi."

Miraji, aliyezoea kumfuata dada yake shuleni jioni, alikuwa amesimama nyuma yao.

"Mama kuku yuko wapi?"

"Tumemtoa," alisema Calist. "Alikuwa mbovu."

Miraji hakupiga kelele. Alikaa sakafuni, akalia kimyakimya kama mtu mzima. Hata Calist aliona haya, akajifanya anafunga kamba za viatu. Viatu vyenyewe havikuwa na kamba.

Mwalimu Janeth alijaribu kumrudisha mama kuku, ikashindikana. "Jogoo amehifadhiwa juu yake," alisema. "Daftari lako liko wapi?" Kila amri waliiandika kwanza daftarini. "Basi utaanza upya. Una kesho tu."

Nyumbani, Stumai alimsimulia bibi huku akijifuta machozi kwa kanga ya bibi mwenyewe.

"Mimi kompyuta siijui," alisema bibi. "Lakini kuku nawajua. Mwaka fulani kuku wangu mmoja alikufa. Sikumtazama hata mara moja, nikakimbilia kwa jirani anayejua kila kitu. Akaniambia ni kideri, kinaambukiza, chinja wote. Nikachinja kumi na mmoja wazima! Kumbe marehemu alimeza msumari. Haya, huyo wako hufia wapi?"

"Mlangoni."

"Siku zote?"

"Siku zote, bibi."

"Na wakati huo mwewe yuko wapi?"

"Sijui, bibi. Ila muuaji ni mwewe tu."

"Unamsingizia mwewe wa watu na hujamtazama! Kesho kamtazame."

Alhamisi Stumai alinakili amri zote kutoka daftarini, kisha akauendesha mchezo polepole. Mama kuku alipofika mlangoni, mwewe alikuwa mbali, kule juu pembeni. Kuku akafa. Alimwondoa mwewe kabisa, akajaribu tena. Kuku akafa vilevile.

Kinywa kikafunguka, "Mwa..." Akakifunga.

"King'ora, leo unaumwa?" aliuliza Mwalimu Janeth akipita.

"Natafuta, mwalimu."

Alisoma amri moja moja, kidole juu ya kioo. Ya saba ilisema: *Ukigusa rangi ya kahawia, kufa.* Aliiandika hivyo kwa sababu mwewe ni wa kahawia. Akainua macho. Tembe nayo ilikuwa ya udongo, na aliipaka kahawia ile ile. Mama kuku alikuwa anauawa na nyumba yake, kwa amri iliyoandikwa na Stumai mwenyewe. Alimrudisha mwewe, akaibadilisha: *Ukimgusa mwewe, kufa.*

Ijumaa, bibi alikaa kwenye dawati, Miraji mapajani. Stumai akaanza kucheza. Mama kuku alikimbia, akamkwepa mwewe mara tatu, akagusa mlango. Vifaranga wakamzunguka. Calist ndiye aliyepiga makofi wa kwanza.

Miraji hakupiga. Alimgeukia bibi. "Huyu amefika. Na wetu?"

Stumai akamtazama mwalimu, mwalimu akatazama chini. Bibi alimtazama mjomba aliyesimama dirishani, kisha akaacha kumtazama.

"Wetu hakufika, mjukuu wangu," alisema. "Alikufa. Hatarudi. Ilinipasa nikuambie tangu siku ile, nikawa natafuta wa kunisemea."

Miraji akajificha kifuani mwake. Bibi alimbembeleza kwa muda mrefu, naye machozi yakimtoka, na hakuna aliyewaharakisha. Kisha akamvuta Stumai karibu.

"Stumai, umenifunza mimi mzee," alisema. "Jambo lako litazame kwanza wewe, kwa macho yako, hata kama linauma. Kuomba msaada si aibu. Ila mwite mtu ukiwa unaweza kumwonyesha panapouma. Ukimwita kabla hujatazama, atakukatia hata pazima."