Mchangiaji Asiye na Jina

Ijumaa tarehe 14 Juni, saa kumi jioni, Rebeccah alibonyeza kitufe cha kufuta kwenye kompyuta, na nyumba yao ya Kipkelion ikaanza kunuka maziwa ya mtoto mchanga.

"Nani amemwaga maziwa?" mama yake, Joan, aliuliza kutoka jikoni.

Hakuna aliyemwaga. Nyumba hiyo haikuwa na mtoto.

Rebeccah na kakake Kipsang walisimamia kamusi ya lugha ya Kipsigis mtandaoni, ambayo yeyote angeweza kuongeza neno. Maneno mazuri zaidi, yale ya kale, yaliletwa na mtu asiyeandika jina.

"Pengine anatubeba ufala," Kipsang alikuwa amesema. "Nimeweka sheria: bila jina, hakuna kuandika. Futa yake yote."

"Lakini hajawahi kukosea."

"Futa, Becky! Kamusi si choo cha soko, kila mtu aingie tu."

Basi akafuta. Neno la kibuyu lilipoenda, Mama alitokea jikoni akiwa amekishika kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandishwa.

"Hiki... hiki kinaitwaje?"

Kipsang alicheka, cheko fupi. Kisha likaenda neno la mlango, na Rebeccah alipogeuka aliona ukuta mtupu pale mlango ulipokuwa, na dirishani ukungu wa mashamba ya chai umegandamana na kioo kama pamba, na Kipsang alipolipiga dirisha kwa kiti, kiti kilirudi bila sauti, na juu ya dari kitu kidogo kikawa kinatambaa, kinatulia, kinatambaa tena, kikipumua kama mtoto mwenye mafua.

"Rudisha maneno," Kipsang alinong'ona.

"Kamusi inaitisha jina la aliyeandika. Ondoa sheria yako!"

"Nimwachie jini nafasi? Kwa jina la Yesu, jitaje!"

Hakikujitaja. Kilianza kushuka ukutani, nyuma ya mgongo wa Rebeccah.

"Tumwitie majina," Mama alisema, "kama mtoto anapozaliwa. Akipiga chafya kwa jina la marehemu fulani, hilo ndilo lake."

Akawaita marehemu wa ukoo, mmoja mmoja, polepole. Hakuna chafya. Pumzi ile ilikuwa sasa kwenye shingo ya Rebeccah, yenye joto.

Mama akaketi sakafuni.

"Kuna mmoja sijamwita. Nilimzaa kabla yako, Kipsang. Alikufa alfajiri, wazee wakiwa bado njiani kuja kumwitia majina. Tulimzika hivyo hivyo."

"Na maneno ya kale ameyajulia wapi, Mama?" Kipsang aliuliza.

"Huko amelelewa na nani, kama si wazee?"

Kipsang aliivuta kompyuta. Kisha akaondoa sheria yake.

"Mahali pa jina niandike nini?" Rebeccah aliuliza.

"Usiandike kitu, mwanangu. Ndivyo alivyo."

Rebeccah akaacha nafasi ya jina wazi, akabonyeza kitufe cha kurudisha maneno. Chafya ndogo ikapigwa sikioni mwake. Mlango ukarudi, ukiwa wazi, lakini hakuna aliyetoka. Mama alikuwa amepiga magoti.

"Bwana, mpumzishe mtoto wangu. Jina lake unalo wewe. Ukimwita aitike kwako, asiitike hapa tena. Lakini maneno yake, Baba, utuachie. Amina."