Herufi Aliyonyimwa Mwalimu

Kifuniko cha chupa ya chai kilikataa kufunguka. Mpiga chapa alikizungusha kwa kitambaa, akakigonga mezani kando ya kompyuta, akakiacha.

"Mama, hata chupa imekununia," binti yake alimcheka kutoka kitandani. Mimba ilikuwa imetimia, lakini mdomo haukuwa umechukua likizo.

"Cheka tu. Zamu yako inakuja."

Asubuhi hiyo mama alikuwa amemaliza kuchapa historia ya jumuiya yao ya dini, kutoka kwenye madaftari mawili yasiyopatana. La kamati lilisema kiongozi wa kwanza ni yule bwana mwenye ndevu ambaye picha yake imetundikwa ukumbini. Daftari kongwe zaidi, lililotafunwa na mende, lilimtaja Mwalimu tu, na neno Mwalimu halisemi kama ni mwanamume au mwanamke. Ila mstari mmoja ulisema: "Mkutano wa tatu uliahirishwa kwa kuwa Mwalimu alijifungua."

Katibu wa kamati alikuwa amecheka kwenye simu. "Mwandishi alipitiwa huyo. Ondoa hiyo u. Mwalimu alijifunga. Alijifunga kibwebwe kwa kazi ya Mungu."

"Mkutano uahirishwe kwa sababu mtu kajifunga kibwebwe?"

"Mama, wewe chapa. Historia tuachie sisi."

Akaifuta u. Hakuwa na nguvu za kubishana na mwanamume aliyeshiba.

Saa nane mchana uchungu ukamshika binti. Mkunga jirani alifika mbio, mlango ukajifunga nyuma yake. Dereva wa teksi alipokuja kuwapeleka hospitali, ufunguo haukuzunguka. Dirisha nalo likagoma. Dereva akasukuma kwa bega, wao wakavuta kwa ndani, na mlango ukakaa kama ukuta.

"Njia haijafunguka hata kidogo," mkunga alinong'ona. "Saa tatu zimepita sasa. Mapigo ya mtoto yanapungua."

Chumba kikaanza kunuka maziwa yaliyochacha na damu ya zamani. Kisha mama akasikia nyayo za miguu mitupu zikitembea sakafuni, zikienda hadi ukutani na kurudi, zikisimama kila binti aliposhikwa na uchungu na kuanza tena ulipomwachia, kana kwamba mwanamke mwingine asiyeonekana alikuwa akitembea na uchungu wake mwenyewe, uchungu wa miaka mingi usio na mwisho, na kila alipopita karibu na kitanda shuka lilijivuta upande wake.

"Unamsikia?" mama aliuliza.

"Namsikia." Mkunga aliangalia sakafuni. "Shoga yangu, mmemfunga nani humu ndani?"

Binti akageuza uso. Meno yalikuwa yameumana, midomo haikusogea, lakini sauti ya kikongwe ikatoka: "Nilijifungua. Nani kaandika nimejifunga?"

Mama aliruka hadi kwenye kompyuta. Akautafuta mstari. Kitufe cha u kilikuwa kigumu kama jiwe, akakikandamiza kwa vidole gumba viwili, kwa uzito wake wote, huku nyayo zikija nyuma yake, karibu, karibu zaidi, hadi pumzi ya baridi ikamgusa shingoni. "Nisamehe, bibi," alisema. "Nisamehe, nakufungua."

Herufi ikaingia.

Kitasa kikalia. Dereva akaangukia ndani kifudifudi. Binti akapiga ukelele mmoja mrefu, na mkunga akasema, "Huyu hapa! Kichwa hiki hapa!"

Jua lilipokuwa linazama mtoto alikuwa ananyonya. Mama alikwishamtumia katibu nakala iliyosahihishwa, na simu ikaita.

"Nimeiona hiyo u yako, mama. Ukaidi wa nini? Nimeifuta mwenyewe, na kitabu kimeshakwenda kiwandani. Nakala elfu moja."

"Irudishe, baba. Nakusihi, wapigie sasa hivi."

"Kwanza nieleze kwa ni..."

Sauti ikakatika. Simu haikukatika. Mama alisikia pumzi zikitoka puani kwa shida, na mlio wa mtu anayejaribu kusema huku meno yamekazana. Kisha, nyuma ya katibu, miguu mitupu ikaanza kutembea, taratibu, ikienda na kurudi.