Boksi la Spika la Baba Nice

Aikande alimlaza mtoto chali. Hata leo ukimuuliza atakuapia: chali, kichwa upande wa mlango, khanga miguuni, halafu akatoka kuanua nepi kwa sababu wingu lilikuwa limeshaanza kushuka kutoka mlimani. Dakika tano hazikufika. Aliporudi, Nice, mtoto wa miezi mitatu ambaye alikuwa hajajua hata kujigeuza, alikuwa amelala kwa ubavu wa kulia, amenyooka kama aliyepangwa, uso umeelekea dirishani, kule unakoonekana Mlima Meru.

Akamgeuza. Akajiambia labda ni yeye amesahau, maana mama anayenyonyesha anaweza kusahau hata jina lake. Ilikuwa Jumapili saa kumi jioni, siku ya pili tangu mume wake amalize lile boksi la spika, nalo lilikuwa palepale pembeni ya kitanda, kimya.

Chumba chao kilikuwa kimoja tu, kule Engutoto, Arusha mjini, kwenye ua wa wapangaji sita. Mume, Ndesanjo, alifanya kazi shamba la maua Usa River. Gitaa alikuwa nalo, la mtumba, alilopewa na mjomba wake. Bendi moja ya harusi ilikuwa imekubali kumchukua, ila aje na spika yake mwenyewe, na za dukani hakuziweza. Basi akaamua kuitengeneza. Spika ya inchi nane aliing'oa kwenye redio kubwa ya jirani iliyokufa. Skrubu alizitoa kwenye kitanda kibovu. Ndani akajaza sufi ya mto wa zamani ili sauti isivume ovyo, na mbele akavalisha kipande cha gunia la kahawa. Zikabaki mbao, na mbao ndizo zilizomfanya siku ya Ijumaa arudi nyumbani anaimba.

Alizipata kwa seremala mmoja anayeitwa Khalfani, mtaa wa zamani, nyuma ya msikiti. Mbao sita, pana, nzito, zote zimekatwa urefu mmoja, hazina hata tundu moja la msumari. Khalfani alimwachia kwa bei ya kuni. Alimsaidia kuzifunga kamba, akamhimiza aondoke kabla watu hawajatoka kuswali, na muda wote huo hakumtazama usoni. Ndesanjo hakujiuliza.

"Mama Nice, njoo uone," alimwambia mke wake. "Ni kama mtu alinipimia."

Pande nne, mgongo na uso: mbao sita zikatosha, msumeno haukugusa chochote isipokuwa kutoboa tundu la spika. Aikande alimtania kwamba kitu chenyewe kinafanana na mzinga wa nyuki, na siku atakayokifikisha harusini maharusi watakimbia kabla hajapiga. Ndesanjo akacheka. Ule mduara uliotoka kwenye tundu akaupiga msasa mpaka ukalainika, akampa: mtungi wao wa maji ya kunywa ulikuwa umevunjika kifuniko tangu Pasaka. Ukakaa pale kama umezaliwa nao.

Jumamosi alikwenda kupiga, na akarudi macho yanang'aa. Spika ilitoa sauti nene, yenye kina, wazee wa bendi wakauliza kanunua wapi. Wakamwambia aje tena kila Jumamosi.

Jumatatu Aikande akasikia harufu. Alidhani ni zile dawa nyeupe za kufukuza nondo kabatini, akapekua nguo zote asione kitu, kisha akainama kwenye gunia la boksi na harufu ikampiga puani, baridi, inawasha. Ilikuwa tena saa kumi. Na boksi, ambalo waya wake ulikuwa umezungushwa juu yake na ncha inaning'inia hewani, likatoa sauti.

Pu.

Akatulia. Pu, tena. Halafu pu, na baada yake mchirizi mdogo, kama mchanga unaoteremka juu ya ubao. Akageuka kumtazama mtoto, na mtoto alikuwa kwa ubavu wa kulia, anautazama mlima, hapepesi.

Ndesanjo alirudi usiku akamsikiliza, akafungua mgongo wa boksi, akakuta sufi tu. Akasema ni panya. Aikande akamwambia panya hawezi kumgeuza mtoto. Ndesanjo hakubisha, lakini hakulitoa boksi nje pia. Alisema nje kuna umande, na bila boksi hakuna bendi, na bila bendi watakaa chumba hiki mpaka Nice aolewe. Aliyasema kwa upole.

Jumatano mtoto alikohoa. Aikande alipomfuta mdomo kwa ncha ya khanga, ncha ikatoka nyeusi. Udongo. Udongo mkavu wa kwao Arusha, mweusi, laini, kwenye ulimi wa mtoto ambaye hajawahi kuonja kitu zaidi ya maziwa yake. Kuanzia siku hiyo kila ilipofika saa kumi alimbeba mgongoni akakimbilia nje, akakaa kwenye ngazi mpaka jua lizame, na hata huko, ndani ya mbeleko, alikuwa anasikia kile kishingo kidogo kinageuka taratibu, kinatafuta mlima.

Jumapili iliyofuata Ndesanjo alikuwa nyumbani. Walitoka kanisani, wakala, mvua ikawazuia ndani wote watatu, na Aikande alikuwa anaitazama saa ya simu, na Ndesanjo akamwona anavyoitazama, na ilipogonga kumi kamili, mtoto akiwa mikononi mwa baba yake, anamchezea ndevu, anacheka, lile boksi likaanza, pu, pu, pu, zito na la haraka kama watu wengi wanaotupa udongo kwa zamu, na harufu ikajaa chumba mpaka macho yakawatoka machozi, na Nice akaacha kucheka, akakakamaa mikononi mwa Ndesanjo kama kipande cha mti, akageuka mwenyewe, ubavu wa kulia, uso mlimani, na kutoka ndani ya spika isiyo na umeme mtu akavuta pumzi ndefu, ya shida, pumzi ya mtu aliyefunikwa uso, akaivuta na kuivuta bila kuitoa.

Ndesanjo hakusema ni panya.

Aikande alipiga hodi kwa Bibi Mwamvua, mpangaji wa chumba cha mwisho, mama mtu mzima anayeuza maandazi. Hata shikamoo aliisahau. Bibi Mwamvua alikuja na unga mikononi, akafika mlangoni, akasimama.

"Nani kafa humu?"

Wakamwambia hakuna. Akasema hiyo ni kafuri, ndiyo wanayomtia maiti akishaoshwa. Kisha akamwona mtoto, ambaye Ndesanjo alikuwa amemweka kitandani, na sauti yake ikashuka.

"Aikande mwanangu, nani amemlaza hivi?"

"Hakuna mtu, bibi. Anageuka mwenyewe. Anautazama mlima."

"Hautazami mlima. Kibla chetu hapa kiko upande huo huo wa mlima. Ubavu wa kulia, uso kibla. Hivyo ndivyo tunavyowalaza watu wetu kaburini."

Akauliza mbao zimetoka wapi. Ndesanjo akaeleza. Bibi Mwamvua akalivuta gunia, akapima ubao kwa mkono wake, kiwiko mpaka vidole, akarudi nyuma.

"Viunza," alisema.

Ikabidi awafafanulie. Ndesanjo alitokea Machame na Aikande Nkoaranga, wote wa kanisani. Mazishi wanayoyajua ni ya jeneza. Waislamu hawazikwi na jeneza. Mtu analazwa kwenye mwanandani, shimo jembamba chini kabisa ya kaburi, na juu yake zinapangwa mbao fupi, viunza, ili udongo usimguse. Zinakatwa siku hiyohiyo kwa ajili ya mtu huyohuyo. Mwislamu yeyote angezitambua kwa kuzitazama tu.

Akaenda kumwita Mzee Jamaldini, mchimba makaburi, ambaye pia huwasomea dua watu wanaosumbuliwa na majini. Mzee alizitazama zile mbao akakaa chini bila kukaribishwa. Ijumaa ile walimzika Salwa, binti wa watu, aliyefariki na mtoto tumboni. Khalfani alipewa kazi ya viunza. Alileta vichache, pengo akalijazia mbao nyembamba za makasha ya nyanya.

"Tulipotupa udongo tulisikia zinakatika," Mzee Jamaldini alisema. "Upande wa uso. Tukaendelea kutupa. Mungu atusamehe." Khalfani, alisema, hajaonekana tangu wiki hiyo.

Aikande alikuwa amemkumbatia mtoto. "Kwa hiyo Salwa anamtaka mwanangu?"

"Salwa yuko kwa Mola wake. Hiki ni kile kilichokuwa kinatembea naye akiwa hai; kila mtu ana jini wake. Kimekosa kufunikwa, sasa kinatafuta pa kulala."

Mzee akasoma. Ndesanjo akafungua skrubu moja moja, na kila iliyotoka, udongo ulitiririka kwenye tundu lake, na alipoitoa ile sufi ya mto aliyoijaza kwa mikono yake mwenyewe ilikuwa nzito, imelowa, imejaa udongo mpaka katikati. Ubao wa sita ulipoachana na mwenzake, Nice alilia. Kilio cha kweli, cha njaa, cha mtoto. Aikande akakaa sakafuni akamnyonyesha huku analia naye.

Mzee Jamaldini alizifunga mbao kwenye shuka jeupe. Ule wa mbele, wenye tundu, aliushika muda mrefu.

"Kilichotoka humu kiko wapi?"

"Maranda yote nilichoma, mzee," Ndesanjo alijibu, na kwa kweli aliwaza maranda tu.

Mzee akaitikia kwa kichwa. Kesho yake, kwa ruhusa ya ndugu za Salwa, mbao zikarudi makaburini, zikapangwa juu ya pale palipodidimia, zikafukiwa kwa dua. Ndesanjo alikwenda akashika koleo. Bendi ikampata mpiga gitaa mwingine, naye hakulalamika.

Wiki mbili zikapita. Nice alilala kama chura, miguu huku na mikono kule, na saa kumi ikawa saa kama nyingine. Aikande akaanza kunenepa tena. Ila kiu ndiyo haikumwacha. Mama anayenyonyesha anakunywa sana, alijiambia, na kila akipita pale kwenye mtungi alikunywa vikombe viwili, vitatu, maji baridi, matamu.

Jumamosi mchana Ndesanjo alikuwa anakaza nyuzi za gitaa mlangoni. Akamwita mke wake bila kuinua kichwa.

"Mama Nice, siku hizi unalala vibaya?"

"Nalala kama gogo."

"Ndiyo. Kama gogo. Leo asubuhi nimekuita mara tatu. Umenyooka, umelala kwa ubavu wa kulia, umeelekea dirishani." Akavuta uzi mmoja, ukalia. "Nikadhani unautazama mlima, lakini macho ulikuwa umefumba."

Aikande alicheka kidogo. Koo lilikuwa limemkauka. Akasogea kwenye mtungi, akafunua, na kile kifuniko cha duara kikawa kizito mkononi, kimelowa upande wa chini, na ile harufu baridi ikampanda puani. Akainama. Maji yalikuwa meusi. Chini kabisa, mahali ambapo mkono wake ulikuwa unachota kila siku, udongo ulikuwa umejaa nusu ya mtungi, na ulikuwa unaendelea kuanguka, taratibu, ingawa juu yake hapakuwa na kitu.

Pu.

Mgongoni, Nice alianza kulia, anataka kunyonya.