Sahihi ya Kiherehere

Kila Ijumaa, kipindi cha mwisho kikimalizika, wanafunzi wa darasa la saba hawakukimbilia getini. Walikwenda kwanza kwenye mlango wa maktaba, ambako mkutubi alikuwa amebandika karatasi kubwa yenye safu tatu. Kwenye safu ya kwanza mwanafunzi aliandika tovuti anayoipenda au programu ya bure inayomfaa. Kwenye ya pili aliandika kazi ya kitu hicho. Ya tatu ilikuwa na kichwa, "Nimejaribu mwenyewe," na hapo alitia sahihi.

Mkutubi huyo walimwita kisirisiri "Mwalimu Kimya", kwa kuwa hilo ndilo neno alilolisema mara nyingi kuliko yote. Alikuwa na sharti moja tu kuhusu karatasi yake. Asiyejaribu asitie sahihi.

Orodha ilikuwa imewafaa wengi. Kulikuwa na kamusi isiyohitaji intaneti, tovuti ya picha za sayari, programu ya kuchorea, na tovuti ya michezo ya hesabu ambayo hata walimu waliicheza wakidhani hawaonekani. Kijana mmoja waliyemwita Profesa alikuwa na mistari tisa kwenye karatasi ile. Msichana waliyemwita Kiherehere alikuwa nayo tisa pia, na hilo lilimnyima raha.

Kwa jina hilo hakuonewa. Alinyoosha mkono kabla swali halijaisha, na mara nyingine alijibu swali ambalo mwalimu hakuwa na nia ya kuuliza. Basi Ijumaa ile Profesa alipoandika mstari wa kumi na kurudi nyuma auangalie vizuri, Kiherehere aliona kama ametiwa pilipili machoni. Akakumbuka tangazo aliloliona asubuhi kwenye simu ya kaka yake, la programu ya bure iongezayo kasi ya kompyuta mara tatu. Anwani yake ilikuwa fupi na alikuwa ameikariri. Akaiandika, akaandika kazi yake, na kwenye safu ya tatu akatia sahihi yenye mkia mrefu.

Hakuwa amejaribu chochote. Alijiambia kwamba atajaribu Jumamosi kwenye kompyuta ya kaka yake, halafu Jumamosi ikapita kama zipitavyo Jumamosi zote.

Rafiki yake mkubwa alikuwa Chiriku, msichana asiyeona, mwenye maneno mengi kuliko darasa zima likijumlishwa. Kwenye kona ya maktaba kulikuwa na kompyuta yenye programu ya bure iliyosoma kwa sauti kila kilichoandikwa. Kwenye kompyuta hiyo Chiriku aliandika nukuu zake za masomo kila siku baada ya masomo, akavaa spika za masikioni na kuzisikiliza tena. Nukuu za miaka miwili zilikuwa humo, na mtihani wa mwisho ulikuwa umebakiza siku kumi na nane.

Jumatatu wakati wa mapumziko ya mchana Chiriku alilalamika kuwa sauti inakwamakwama. Mwalimu Kimya alikuwa ametoka kwenda kuchukua chai. Chiriku akauliza kama kwenye orodha kuna dawa ya kompyuta nzito.

"Ipo. Niliiandika mimi," Kiherehere akasema, na kifua kikamjaa.

"Umeijaribu?"

"Mwezi mzima naitumia kwa kaka. Haijanisumbua hata siku moja."

Uongo ulitoka kirahisi, akashangaa mwenyewe. Alifungua tovuti ile, akakuta vitufe viwili vya kupakulia, kimoja kidogo na kingine kikubwa cha kijani. Akabonyeza kikubwa. Kikaja kisanduku chenye maneno mengi, akabonyeza "Kubali". Kikaja kingine, akabonyeza "Endelea". Mara tano alikubali mambo ambayo hakuyasoma, kisha wakaenda darasani.

Jumanne Chiriku alipowasha kompyuta, matangazo yalijaa skrini nzima, moja juu ya jingine, na ile sauti ikawa inayasoma yote bila kupumua. "Hongera, umeshinda. Bonyeza hapa. Hongera, umeshinda." Wenzake walicheka kidogo, mpaka walipomwona anavua spika na kuziweka mezani taratibu. Nukuu zake hazikufunguka tena siku ile.

Jumatano akaitwa fundi wa kompyuta. Alikaa kwenye kona ile kwa saa mbili, shati limelowa mgongoni, akauliza kila mtu ni kitu gani kipya kilichoingizwa. Chiriku akamjibu bila kusita kwamba ni programu moja ya kuongeza kasi, lakini hiyo imejaribiwa mwezi mzima na sahihi iko mlangoni. Fundi akamgeukia Kiherehere. Naye akaitikia kwa kichwa.

Basi fundi akaiacha, akatafuta pengine. Ikakumbukwa kuwa Jumatatu hiyohiyo Profesa alichomeka flashi yake kwenye kompyuta ile. Flashi ikachukuliwa, Profesa akazuiwa kuingia maktaba mpaka ukweli ujulikane. Alijaribu kujitetea, hakusikilizwa. Kiherehere aliyekuwa akitamani kumshinda alimwona anaondoka ameinamisha kichwa, na ushindi huo haukumpa raha yoyote.

Jioni fundi alimwambia mkutubi kwamba kesho saa nne atafuta kila kitu na kuanza upya. Mkutubi akauliza kuhusu nukuu za mtoto.

"Nikizitoa bila kujua ni ugonjwa gani, nitauhamishia kwenye mashine nyingine," fundi akasema. "Ningejua umetoka wapi, ningejua pa kushika. Huna nakala nyingine?"

Mwalimu Kimya hakuwa na nakala. Alikaa kwenye kiti chake akiitazama kompyuta, na safari hii hakumnyamazisha mtu yeyote.

Nyumbani Kiherehere hakugusa chakula. Mama yake, muuza dawa, alimwekea kiganja kwenye paji la uso, na kama ilivyo desturi yake akaanza maswali: inauma wapi, tangu lini, umekula nini. Kiherehere akasema kichwa tu. Mama akaketi karibu naye.

"Mwanangu, mimi kazi yangu siyo kugawa vidonge, ni kuuliza. Mtu akinidanganya, nitampa dawa ya ugonjwa asiokuwa nao, na ule alio nao utaendelea kumla. Niambie ukweli ukikujia."

Haukuja usiku ule, maana aibu ilikuwa imeushika. Lakini alilala akisikia ile sauti ya kompyuta inampongeza kwa kushinda.

Alhamisi alifika shuleni mapema, akamkuta Chiriku ameketi kwenye kona yake, mikono juu ya vitufe vya mashine iliyozimwa. Fundi alikuwa anapanga vifaa vyake, na Mwalimu Kimya amesimama mlangoni. Kiherehere hakujua aanzie wapi, kwa hiyo akaanzia mwisho.

"Ni ile ya kwangu. Sikuijaribu hata mara moja. Niliiona kwenye tangazo. Hata kwa kaka sijaiweka."

Fundi aliacha kufungua mkoba. Chiriku aliondoa mikono yake juu ya vitufe.

"Nilikuuliza," akasema. "Wewe ile karatasi unaiona. Mimi naiona kwa mdomo wako. Sasa nikishindwa kuuamini mdomo wako, nisome kwa kitu gani?"

Kiherehere akalia. Hakuna aliyembembeleza, na yeye mwenyewe hakutegemea kubembelezwa. Fundi alimvutia kiti, akamwambia machozi baadaye, kwanza anwani. Kiherehere akaitaja. Akaonyesha kitufe alichobonyeza, akaeleza mara ngapi alikubali. Fundi akaitafuta anwani ile kwenye kompyuta yake mwenyewe, akaingia kwenye jukwaa ambalo mafundi huelezana matatizo bure, na kumbe watu wengi walikuwa wameshaumwa na nyoka huyohuyo. Dawa ilikuwepo, nayo ilikuwa ya bure, ila aliipakua kwenye tovuti ya watengenezaji wenyewe, na kila kisanduku alikisoma kwanza mpaka mwisho.

"Kizuri chajiuza," akanong'ona, "kibaya chajitembeza."

Kazi ilichukua asubuhi nzima. Saa sita na nusu Chiriku alivaa spika, akabonyeza, akasikiliza. Kisha akatabasamu, akaanza kurudia kwa sauti nukuu za sayansi, sehemu za ua, za miaka miwili iliyopita. Mwalimu Kimya alipangusa miwani ambayo haikuwa na vumbi. Siku hiyo hiyo akanakili nukuu zote kwenye flashi mbili, moja ya maktaba na moja ya Chiriku, akakiri kuwa hilo lilikuwa kosa lake yeye.

Mchana Kiherehere alimrudishia Profesa flashi yake mbele ya darasa, akaeleza kila kitu na kumwomba radhi. Profesa aliipokea bila kumtazama. Alimsamehe, lakini baada ya siku tatu, na si haki kumlaumu.

Ijumaa walipokusanyika mlangoni, Mwalimu Kimya alimpa Kiherehere kalamu nyekundu. Hakumwambia afute mstari wake. Alimwambia aukate kwa mstari mmoja ili usomeke, na pembeni aandike yaliyotokea. Akaandika: "Sikujaribu. Inaleta matangazo na inaharibu. Msiipakue." Akatia sahihi, safari hii bila mkia.

"Huo ndio mstari wenye faida kuliko yote tisa uliyotangulia kuandika," mkutubi akasema. Kisha akawageukia wote. "Kumpa mwenzako kitu kizuri ulichokipata ni wema, tena mkubwa. Lakini kila anayesoma orodha hii ni kama Chiriku. Hakuona ulichokiona, anakwenda kwa neno lako. Ukisema 'nimejaribu' na hukujaribu, umemshika mkono ukamwingiza shimoni. Na ukishakosea, sema mapema. Njia ya mwongo ni fupi, ila madhara yake huenda mbali."

Siku hiyo mkutubi aliichapa orodha nzima kwenye kompyuta ya kona, ili Chiriku asiazime tena macho ya mtu. Jumatatu Chiriku aliisikiliza yote bila spika za masikioni, na mashine ikasoma kila mstari kwa sauti yake kavu isiyopendelea. Ilipofika kwenye mstari wa Kiherehere ikasoma "sikujaribu" kwa sauti ileile. Kiherehere alikuwa amesimama nyuma yake, akasikia.

"Mwishoni kuna programu ya kujipimia mtihani," Chiriku akasema baadaye. "Haina sahihi bado. Wewe umeijaribu?"

Watu waliokuwa karibu waligeuka kumtazama Kiherehere, ambaye maisha yake yote hakuwahi kukosa jibu.

"Sijaijaribu," akasema.

Chiriku akasogea, akampisha nusu ya benchi waijaribu pamoja.