Nafasi ya Vidole Vinne

Siku ya kupimisha pamba, soko la Kasongo lilijaa hadi barazani. Emilienne alisukumwa na vikapu vya watu, akaangukia cherehani ya fundi Gaston. Sindano ikavunjika.

"Dada, unanunua nguo ama unaniharibia kazi?"

"Nanunua," alijibu, ingawa hakuwa amepanga. Shati la fundi lilikuwa limepigwa pasi hadi kwenye kola, na macho yake ya dharau yalimfurahisha.

Jumamosi tatu alirudi, wakitukanana kwa utamu. Ya nne, Gaston alipomzungushia utepe kiunoni, Emilienne alimnong'oneza, "Ongeza vidole vinne tumboni."

Utepe ulianguka. Fundi anajua ni wanawake gani huomba nafasi tumboni.

"Mimba ya nani?" Sauti yake iliwafikia wauza samaki. "Ya karani? Ya yule wa baiskeli?"

"Bibi arusi iko na haraka," mmoja alisema, wakacheka.

Emilienne alimtazama Gaston tu. "Si mimba. Moyo wangu unakufa. Daktari alisema miguu itavimba, kisha tumbo, kisha basi. Nilitaka gauni la kunitosha mpaka mwisho."

Kicheko kilikatika. Aliyekuwa karibu alivuta kikapu chake, asimguse.

Nyumbani habari ilitangulia. "Umelitangaza sokoni?" mama yake alifoka. "Kesho watasema bibi yako amekuroga. Watachoma nyumba yake."

"Waje. Nitawaambia maneno ya daktari. Nimechoka kufichwa, mama."

Aliyekuja kwanza ni Gaston. Mama alimzuia mlangoni, mchi mkononi.

"Wewe mwenye mudomo, toka."

"Nakuja kuomba musamaha, mama. Halafu nimuombe yeye mwenyewe."

"Umuoe ili umzike?"

"Mama, swali ni langu," Emilienne alisema kutoka mkekani. "Gaston, hiyo ni huruma?"

"Huruma iko kwa padri. Mimi niko na hasira. Jumamosi tatu unanificha."

Emilienne alicheka mpaka pumzi ikamwishia. Mama aligeuza uso. Gaston hakugeuza, alingoja, akimtazama mpaka pumzi ikarudi.

"Basi kaa," Emilienne alisema. "Lakini usiniambie hata siku moja kwamba nitapona."

Gaston alifungua mdomo. Akaufunga. Akaketi kwenye ukingo wa mkeka.

Hapo ndipo Emilienne alipomkubali.