Chumba Namba Tisa

Mgeni alikuwa mwalimu kutoka Iringa, mwenye begi moja na koti zito ambalo pale Mikumi halikuwa na kazi. Alisalimia vizuri mapokezi, akasema anaomba chumba namba tisa.

"Vyumba vyangu vinaishia nane, mwalimu," alisema Gaudiosa, mwenye gesti.

"Nimekiona kwenye mtandao, mama. Kina meza, kiti na pazia la maua. Kimetulia kweli."

Gaudiosa alicheka, akampa ufunguo wa namba tatu. Mwalimu alipokwenda kuoga, Gaudiosa akampigia simu fundi wake wa tovuti kule Kilosa.

"Baba Heze, umeniongezea chumba bila kuniongezea matofali?"

"Mama Jovin, mimi hata banda la kuku sijawahi kujenga."

"Basi fungua uone. Na ukimaliza uniambie kodi yake anachukua nani."

Huyo Baba Heze ni Lupakisyo, mtu wa reli na mtoto wa mtu wa reli. Babu yake alishuka kutoka Tukuyu kufuata mkonge, baba yake akahamia kwenye garimoshi, na yeye akarithi karakana, mpaka ikafika ile miaka ambayo kila kitu cha umma kilitafutiwa mnunuzi na wafanyakazi wakaambiwa wakajiajiri. Wenzake walinunua mashine za kusaga. Yeye alinunua kompyuta. Mtaa mzima ulikuja kumpa pole.

Akajifunza kutengeneza tovuti, akapanga nafasi kwenye seva, kompyuta ya kuhifadhia tovuti, iliyoko Marekani. Ilikuwa seva ya bei nafuu, ya kuchangia, kama nyumba zetu za vyumba vya kupanga: kila mpangaji ana mlango wake, lakini korido, bomba na choo ni vya wote. Mteja wake mkubwa alikuwa Gaudiosa, mjane wa Kihaya aliyefuata barabara kuu mpaka Mikumi na kugundua kwamba madereva wa malori nao hulala. Kila siku alimtumia Lupakisyo ujumbe: leo tembo wamefunga barabara, leo simba wameonekana karibu na daraja. Lupakisyo aliandika ukurasa, akaweka picha, akaupandisha kwa simu ya mezani. Na simu ile ilikuwa na tabia ya kukatika katikati ya simba. Wageni wa Ulaya walifungua tovuti wakakuta kichwa na shingo, kiwiliwili kimebaki Kilosa.

Alipochoka kupandisha kurasa kwa mkono, aliandika programu ndogo ya kumfanyia kazi hiyo. Akaiita Tarishi, kwa heshima ya wale matarishi wa ofisini waliopunguzwa kazi pamoja naye. Kila magharibi kompyuta ilipiga simu yenyewe, ikaingia kwenye seva, ikalinganisha kurasa za huku na za kule, iliyobadilika ikapelekwa, simu ikakatwa. Ikikatika njiani, Tarishi alianza upya bila kununa.

Hapo angeishia, tusingekuwa na hadithi. Lakini Lupakisyo alilelewa na watu ambao hawaingii hata kwenye banda la mbuzi bila kupiga hodi, na ilimkera kwamba Tarishi anaingia kwenye nyumba ya watu kimyakimya kama mwizi. Akairekodi sauti yake mwenyewe ikisema, "Hodi?" na kumwagiza Tarishi aitoe kwenye spika kila anapofika mlangoni kwa seva. Ikawa inalia hodi, halafu kimya. Na hodi isiyoitikiwa, ndani ya nyumba yenye mtu mmoja, inauma kuliko jino.

Alikuwa na kaseti ya kipaimara cha mwanawe Hezekia. Mwanzoni kabisa, kabla ya kwaya, anasikika mkewe Magreti akiwapokea wageni mlangoni: "Karibu, pita ndani." Magreti alikuwa kaburini kwao Kidodi, alizikwa msimu wa kuchoma miwa, moshi mtamu umejaa makaburini. Hezekia alikuwa Dar, akipiga simu Krismasi. Lupakisyo alikata maneno yale matatu kutoka kwenye kaseti, akampa Tarishi.

Basi ikawa kila jua linapozama, modemu iliyounganisha kompyuta na simu inalia mlio wake wa mbuzi aliyekanyagwa, kisha:

"Hodi?"

"Karibu, pita ndani."

Alijiambia ni utani. Mtu anayeishi peke yake huhitaji kisingizio hata cha kuwasha taa.

Sasa, baada ya simu ya Gaudiosa, aliufungua ukurasa. Namba tisa ilikuwepo, chini ya namba nane, imepangwa vizuri kuliko kazi yake yeye. Meza. Kiti. Pazia la maua, ambalo Magreti alilishona kwa mkono na kukosea upindo. Ilikuwa sebule ya Lupakisyo. Na kwenye kiti alikaa mtu amewapa kisogo watazamaji, mwenye kipara kidogo utosini ambacho Lupakisyo hakuwahi kukiona maishani, kwa kuwa hakuna mtu anayeuona utosi wake, ila alijua ni chake.

Aligeuka. Nyuma yake palikuwa na ukuta.

Kamera hakuwa nayo; aliyokuwa akiitumia ilikuwa ya Gaudiosa, Mikumi. Aliufuta ukurasa. Kesho yake magharibi Tarishi alipotoka na kurudi, ukurasa ulikuwa umerudi, na mpiga picha alikuwa amesogea. Kola ya shati ilionekana, na ule uzi uliofumuka. Akafuta tena. Keshokutwa yake ilionekana mishipa ya shingo, na sebule nzima ilinuka miwa inayoungua, hapo Kilosa, ambapo hakuna shamba la miwa, wala upepo haukuvuma, wala jirani yeyote hakuwa amewasha hata jani.

Akaamua kumzima Tarishi siku inayofuata kabla jua halijazama. Alikaa mbele ya kompyuta kidole kikiwa tayari, lakini nje kulikuwa na ule ukimya wa mji mdogo wakati kuku wameshapanda na watoto wameshaitwa ndani, kila mtoto kwa jina lake na mama yake, na hapakuwa na yeyote wa kuita wala kuitwa katika nyumba ile, basi kidole kikasita, jua likaenda, modemu ikalia, sauti yake ikapiga hodi, na sauti ya Magreti ikaitikia karibu, pita ndani, na kabla simu haijakatwa sauti ileile ikaongeza, polepole, kama mtu anayefuta mikono kwa kanga:

"Umechelewa leo."

Maneno hayo hayakuwemo kwenye kaseti. Kaseti hiyo aliijua kama sala.

Mtu mwenye akili angekimbia. Giza lilipoingia, Lupakisyo alisema kwa sauti ndogo, "Nilipitia sokoni."

Tangu hapo hakufuta tena ukurasa. Gaudiosa alipopiga simu, alimwambia tatizo ni la Wamarekani. Wageni waliendelea kuomba namba tisa. Mmoja, mwanamke aliyesafiri peke yake, alisimama usiku kucha koridoni akigusa ukuta baada ya mlango wa namba nane, na asubuhi aliondoka bila kunywa chai, akisema kuna mtu alikuwa anamkaribisha.

Siku hiyo Gaudiosa alipanda basi la Kilosa.

Alimkuta Lupakisyo amekonda, anatabasamu peke yake. Akavuta pumzi, akasonya.

"Nani kachoma miwa humu?"

"Unaisikia?"

"Nina pua, Baba Heze. Na macho pia ninayo. Umevaa shati la wiki iliyopita, lakini mezani kuna viti viwili vimevutwa. Anakaa nani?"

Lupakisyo alikisukuma kiti kimoja chini ya meza.

"Nisikilize. Miaka miwili nakuita Mikumi, unanijibu kwa utani, nami nacheka maana utani wako mzuri. Sasa nasema bila kucheka. Nyumba ninayo, na kitanda changu kina upande mtupu. Njoo, tuwe watu wawili. Au baki na huyo asiyekula. Lakini sitakuja mara ya pili, nauli imepanda."

Lupakisyo alitazama kompyuta. Akanong'ona, kama vile kuna mtu asiyetakiwa kusikia, "Mama Jovin, ana sauti yake."

"Na mimi nina ya kwangu," Gaudiosa alinong'ona naye, machozi yakimlenga. "Hujawahi kuisikiliza?"

Ndipo walipomfuata Mwinshehe, mzee wa dawa na kisomo aliyekaa upande wa pili wa reli.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Mmoja wenu ananuka shamba la Kidodi."

Lupakisyo alieleza yote. Mzee alisikiliza habari za seva na modemu bila kushangaa. Kwake yeye majini yamekuwa yakisafiri bila waya tangu zamani. Ila kwenye kaseti alimkatisha.

"Ngoja. Hodi unapiga wewe?"

"Ndiyo, mzee."

"Na anayekaribisha ni marehemu?"

"Ndiyo."

"Magharibi? Kila siku? Na mlango wazi mpaka Marekani?" Mzee alimtazama Gaudiosa kama kumuuliza huyu umemwokota wapi. "Mwanangu, magharibi hata mtu hai haitikii hodi ya asiyemjua. Wewe umemfanya marehemu awe mpokeaji wageni. Aliyekuja siyo Magreti. Amekuta sauti mlangoni, akaivaa."

"Nifanyeje?"

"Mgeni hafukuzwi, anasindikizwa. Mwenyeji ni wewe, utamsindikiza wewe. Mimi nitashika chetezo."

Walirudi mchana, jua kali. Mwinshehe alifukiza ubani, akasoma. Moshi ulikwenda kwenye kompyuta, ukakaa juu yake kama kuku aliyeatamia. Lupakisyo alifuta ukurasa. Alimfuta Tarishi. Ilipofika zamu ya sauti ya Magreti, spika ilikohoa yenyewe, simu haijapigwa, modemu haijalia, na ile sauti ikasema kwa upole, "Baba Heze, ukinitoa mimi, nani atajua kwamba umerudi nyumbani?"

Gaudiosa alimshika Lupakisyo bega.

"Nakusindikiza," alisema Lupakisyo, sauti imepasuka. "Nenda salama." Akafuta.

Harufu ya miwa ilikatika kama taa. Alilia kilio ambacho hakukilia siku ya msiba, maana siku ya msiba alikuwa na wageni wa kuhudumia.

Mwinshehe alipokuwa akifunga vitu vyake aliuliza, "Hiyo nyumba ya Marekani, ina mlango wa nje?"

"Sijui, mzee. Mimi nimepanga chumba tu."

Mzee alitikisa kichwa. "Basi chumbani tumemtoa."

Walifunga ndoa kabla ya mvua. Lupakisyo alihamia Mikumi, akajifunza kunywa kahawa ya Bukoba na kugombana na madereva wa malori. Mwalimu wa Iringa alirudi, akalala namba tatu, akasema ajabu, ile namba tisa haipo tena. Gaudiosa alimwambia alikuwa ameota.

Siku moja, jioni, Lupakisyo alikuwa akipandisha picha ya twiga kwa mkono, maana matarishi alikuwa amewakoma. Ukurasa ulikwama. Akaanza kuchungulia majirani zake kwenye ile seva ya kuchangia, kama mpangaji anayetazama nani kaacha bomba wazi. Mmoja alikuwa mzee wa nchi ya baridi aliyekarabati vinanda. Kwenye tovuti yake, chini ya picha za vinanda, palikuwa na picha ya jiko: theluji dirishani, meza, na mtu aliyekaa akiwapa kisogo watazamaji.

Lupakisyo alitamani kuufunga ukurasa, lakini alikuwa mtu mwema. Alimwandikia barua pepe kwa Kiingereza chake cha karakana: bwana, kuna kitu kimeingia kwako, kimetoka kwangu, nisamehe, nitakueleza namna ya kukitoa.

Jibu lilikuja papo hapo. Mzee wa vinanda aliomba asisumbuliwe. Alisema ndiyo kwanza huyo mgeni wake ameanza kuzungumza.

"Baba Heze!" Gaudiosa aliita kutoka jikoni. "Ndizi zinapoa!"

"Nakuja."

Hakwenda. Alisoma tena jibu lile, akajaribu kukisia ni sauti ya nani, ya mke, ya mama, na inasemaje huko kwenye theluji. Kilichomshika hakikuwa hofu. Ulikuwa wivu. Mikono ikaanza kuandika, tena kwa Kiswahili, kwamba kaka yangu, huyo alikuwa kwangu kwanza, naomba umrudishe hata kwa siku moja.

Gaudiosa alikuja mlangoni na mwiko mkononi. Alisoma kupitia bega lake, taratibu, mpaka mwisho.

"Utaituma?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Lupakisyo alitazama kitufe.

Gaudiosa alisubiri. Nje lori lilipita, likafuatiwa na jingine. Kisha akarudi jikoni, akajipakulia, na kwa mara ya kwanza tangu waoane Gaudiosa akala peke yake.